Jaji William Keogh na kesi ya uchaguzi wa Galway, 1872

Mwezi Februari 1872, mpiga kura wa kaunti ya Galway, magharibi mwa Ireland, hakupewa karatasi wala hakuonyeshwa kisanduku. Alisimama mbele ya msimamizi, akataja jina lake, akaulizwa anamchagua nani, akajibu kwa mdomo wake na karani akaandika daftarini. Kila aliyekuwa karibu alisikia. Katika umati ule hakukosekana mtu wa mwenye ardhi, anayejua kodi ya mkulima huyo inalipwa lini na amebakiza deni kiasi gani. Hakukosekana pia padri wa parokia, aliyembatizia watoto na kumzikia wazazi. Mkulima alikuwa na dakika moja ya kuamua ni yupi kati ya hao wawili atakayemuudhi.

Nimeanza hapo kwa sababu kisa cha Jaji William Keogh hakieleweki bila picha hiyo. Wengi wanaomtaja humwita msaliti, na kwao habari imekwisha. Wachache wanaomtetea husema aliitumia sheria kama ilivyoandikwa. Mimi naona kila upande umeshika kipande cha ukweli, na ndiyo maana kisa hiki kinaumiza. Jaji alikuwa na hoja ya sheria mkononi, tena nzito, na bado hukumu yake haikupokelewa na watu iliowahusu. Sababu yenyewe inabidi kuitafuta ndani ya miaka ishirini iliyotangulia, kwenye maisha ya jaji mwenyewe.

Uchaguzi wenyewe

Kiti kilikuwa wazi kwa sababu William Gregory, mbunge wa miaka mingi, alikuwa ameteuliwa kuwa gavana wa Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Waliokigombea walikuwa makapteni wawili wa jeshi. John Philip Nolan, Mkatoliki, alisimama kwa ajili ya Home Rule, yaani Ireland ipate bunge lake la kuendesha mambo yake ya ndani. William Le Poer Trench, Mprotestanti na Mhafidhina, alikuwa mtoto wa Earl wa Clancarty, mmoja wa wenye ardhi wakubwa wa kaunti ile.

Nolan naye alikuwa mwenye ardhi, na alikuwa na doa: wapangaji walikuwa wamefukuzwa kwenye mashamba yake ya Portacarron. Kabla ya uchaguzi alikubali jambo hilo lipelekwe mbele ya wasuluhishi, na akakubali kufuata uamuzi wao. Kwa wapangaji hilo lilikuwa jambo kubwa, kwani hawakuzoea kumwona mwenye ardhi akijiweka chini ya uamuzi wa watu wengine kuhusu ardhi yake mwenyewe. Wenye ardhi wenzake waliliona kama mlango wa hatari unaofunguliwa. Wengi wao, Wakatoliki kwa Waprotestanti, wakaungana nyuma ya Trench. Maaskofu na mapadri wakasimama na Nolan. Kwa hiyo vita havikuwa vya Wakatoliki dhidi ya Waprotestanti, kama wengine wanavyosimulia. Vilikuwa vita vya nani ana haki ya kuamuru kura ya mpangaji.

Matokeo hayakuacha shaka: Nolan kura 2,823, Trench 658. Trench akaenda mahakamani kupinga. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mapadri wa Galway waliwatisha wapiga kura hata uchaguzi ukapoteza maana.

Hadi mwaka 1868 malalamiko ya namna hiyo yalisikilizwa na kamati za wabunge, na kila mtu alijua kwamba kamati hizo hufuata rangi ya chama. Sheria mpya ya mwaka huo iliyahamishia kwa majaji. Jaji mmoja alikwenda kwenye kaunti husika, akasikiliza mashahidi bila juri, yaani bila wale wananchi kumi na wawili wanaoapishwa kuamua ukweli wa mambo, na akatoa uamuzi peke yake. Galway, jaji huyo akawa William Keogh wa Mahakama ya Common Pleas, moja ya mahakama za juu za Dublin.

Mtu aliyepelekewa kesi

Keogh alizaliwa Galway mwaka 1817, katika familia ya Kikatoliki. Akasoma Trinity College, Dublin, akawa wakili mwaka 1840. Tukumbuke kwamba Mkatoliki wa Ireland aliruhusiwa kuingia Bunge la Westminster mwaka 1829 tu, na jaji wa kwanza Mkatoliki wa enzi hiyo mpya, Michael O'Loghlen, aliapishwa mwaka 1836. Kwa kijana mwenye akili na ulimi mtamu, milango ilikuwa imefunguka juzi juzi. Keogh aliingia kwa kasi. Mwaka 1847, njaa kuu ikiwa inaendelea kuua watu nchini mwake, alichaguliwa mbunge wa Athlone, mji mdogo wenye wapiga kura mia chache tu.

Jina lake lilivuma mwaka 1851. Papa Pius IX alikuwa amerudisha mfumo wa maaskofu Wakatoliki nchini Uingereza, na serikali ya London ikajibu kwa sheria iliyowakataza kutumia vyeo vyenye majina ya miji na majimbo. Ireland iliwaka hasira. Kundi la wabunge, Keogh akiwa mstari wa mbele pamoja na mwenye benki John Sadleir, lilisimama bungeni kuipinga kwa nguvu zote. Mahasimu wao wakawabandika jina la Bendi ya Tarumbeta ya Papa. Kwa wananchi walikuwa mashujaa.

Wakati huohuo wapangaji wa mashamba walikuwa na chama chao, Tenant League, kilichoanzishwa 1850 kudai kodi ya haki, usalama wa kukaa kwenye shamba, na haki ya mpangaji kuuza jasho aliloweka katika ardhi. Baada ya uchaguzi wa 1852, wabunge zaidi ya 40 waliahidi kwamba hawataunga mkono serikali yoyote isiyokubali madai hayo. Keogh aliahidi pamoja nao. Hakuishia kuahidi. Mbele ya umati alitangaza kwamba hatashirikiana na chama chochote kisichofuta ile sheria ya vyeo vya maaskofu na kisichowapa wapangaji haki zao, akamalizia kwa maneno ya kiapo: Ee Mungu nisaidie.

Desemba 1852 Lord Aberdeen aliunda serikali mpya. Haikuwa imeahidi lolote kati ya hayo. Sadleir akapewa nafasi Hazina. Keogh akawa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Ireland.

Kwa desturi ya wakati ule, mbunge aliyepokea cheo cha serikali alipaswa kurudi kwa wapiga kura wake. Keogh akarudi Athlone mwaka 1853, akashinda, askofu wa jimbo la Elphin akiwa upande wake. Hili tuliweke akilini: msaada wa kanisa katika uchaguzi Keogh hakuujua kwa kusoma vitabuni. Ulimbeba mwenyewe.

Kuna jambo zito zaidi. Katika kampeni za 1852 huko Moate, kaunti ya Westmeath, alikwenda kumpigia debe mgombea wa upande wake. Kwa mujibu wa ushahidi wa kiapo uliofikishwa hadi Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la bunge la London, mwaka uliofuata, aliwaambia wasikilizaji kwamba sasa ni kiangazi, siku ni ndefu na usiku ni mfupi. Lakini majira ya baridi yanakuja, usiku utakuwa mrefu, na hapo kila mtu amkumbuke aliyempigia kura Sir Richard Levinge, mgombea wa upande wa pili. Katika Ireland ya miaka ile, ambako mawakala wa ardhi walipigwa risasi njiani gizani, hapakuwa na mtu mzima wa kutafsiriwa maneno hayo. Keogh hakuikubali tuhuma hiyo, na haikumzuia kupanda. Ila kwa wale walioisikia, haikufutika.

Mwaka 1855 akawa Mwanasheria Mkuu. Februari 1856 benki ya Sadleir, Tipperary Joint Stock Bank, iliyobeba akiba za wakulima wadogo, ilianguka kwa sababu Sadleir alikuwa ameikamua kwa udanganyifu. Akanywa sumu, mwili wake ukaokotwa Hampstead Heath, London. Miezi miwili tu baadaye, Aprili 1856, rafiki yake Keogh alivaa joho la jaji akiwa na miaka 38. Tenant League ilikuwa imeshavunjika nguvu. Charles Gavan Duffy, mmoja wa waasisi wake, alikata tamaa akahamia Australia, na Galway ilipokuwa ikiamua kati ya Nolan na Trench, yeye alikuwa waziri mkuu wa koloni la Victoria. Kule Ireland, majina "Sadleir na Keogh" yalibaki yakitamkwa kwa pamoja, kama tusi moja.

Kitini pa jaji nako hakupata nafasi ya kusahauliwa. Mei 1858, ndugu wawili, Daniel na William Cormack, walinyongwa hadharani Nenagh kwa mauaji ya wakala wa ardhi aliyeitwa Ellis. Keogh ndiye aliyewahukumu. Watu wa Tipperary waliamini, na wanaamini hadi leo, kwamba vijana wale hawakuwa na hatia. Mwaka 1910 mabaki yao yalitolewa gerezani na kuzikwa kwa heshima Loughmore, kwenye kaburi lililojengwa maalumu. Mwishoni mwa 1865 akaketi tena, sasa pamoja na Jaji Fitzgerald, kuwahukumu Wafenia, wanamapinduzi waliotaka jamhuri. Thomas Clarke Luby na John O'Leary walipata miaka 20 kila mmoja. Charles Kickham, mwandishi aliyekuwa karibu kiziwi na mwenye macho mabovu tangu baruti ilipomlipukia utotoni, miaka 14. O'Donovan Rossa alimkataa wakili, akajitetea mwenyewe kwa kusoma mahakamani kurasa kwa kurasa za gazeti lao na kumrushia jaji maneno makali usoni. Kifungo cha maisha. Wakili aliyewatetea wengi wao alikuwa Isaac Butt. Jina hilo litarudi.

Galway, Aprili na Mei

Kesi ilianza kusikilizwa mwanzoni mwa Aprili 1872, mjini Galway, mji aliozaliwa Keogh. Ilichukua karibu miezi miwili. Mashahidi walieleza mahubiri yaliyotolewa altareni, majina ya wafuasi wa Trench yakitajwa mbele ya waumini wenzao. Wapiga kura walioongozwa na mapadri hadi mahali pa kura. Vikundi vilivyowazomea na kuwatisha waliotaka kumpigia Trench. Si ushahidi wote uliokuwa na uzito sawa, lakini mwingine ulikuwa wa kweli, na ni vizuri tusiukwepe. Mtu anayeambiwa na padri wake kwamba kura fulani ni dhambi, katika kijiji chenye kanisa moja na padri mmoja, ametishwa. Na sheria ya 1854 dhidi ya rushwa na vitisho katika uchaguzi ilikuwa inasema hivyo.

Tarehe 27 Mei Keogh alitoa hukumu. Ilimchukua sehemu kubwa ya siku kuimaliza. Alitengua ushindi wa Nolan. Akawataja kuwa na hatia ya vitisho Askofu Mkuu John MacHale wa Tuam, mzee aliyeitwa na watu wake Simba wa Magharibi. Askofu MacEvilly wa Galway. Askofu Duggan wa Clonfert. Na kundi kubwa la mapadri. Kama angeishia hapo, tungekuwa na hukumu kali ya kujadiliwa na wanasheria. Hakuishia hapo. Aliwashambulia mapadri mmoja mmoja kwa lugha ya kudhalilisha, akawasifu wenye ardhi, akawaeleza wapiga kura kana kwamba ni watu wasio na akili wala ujasiri wao wenyewe. Akafika hadi kumsifu Oliver Cromwell, jemadari na mtawala wa Kiingereza wa karne ya kumi na saba. Katika nchi ambayo Cromwell aliua Drogheda na Wexford mwaka 1649 na kuwanyang'anya Wakatoliki ardhi yao, na katika Galway, kaunti ya Connacht, jimbo walikofukuziwa walionyang'anywa, sifa hizo zilitamkwa kutoka kwenye kiti cha mahakama.

Sheria ilisema nini, na jaji aliifanyia nini

Miaka miwili tu kabla, mwaka 1870, kesi ya namna hiyohiyo ilikuwa imesikilizwa Longford. Jaji alikuwa Fitzgerald, yuleyule aliyeketi na Keogh kuwahukumu Wafenia. Fitzgerald alichora mstari ambao hadi leo ninauona kuwa wa busara. Padri, alieleza, ana haki zote za raia. Anaweza kushauri, kupendekeza, kuwaonyesha waumini ni mgombea yupi anafaa na kwa nini. Asichoweza ni kuitumia hofu yao: kuahidi thawabu au kutisha kwa adhabu, iwe ya hapa duniani au ya akhera, kusema atawanyima sakramenti, au kutangaza kwamba kumpigia mtu fulani ni dhambi.

Mstari huo haukumzaba padri kibao. Ulimheshimu kama raia na ukamzuia kama mwenye funguo za mbinguni. Kanuni hiyo imesafiri mbali pamoja na sheria za Kiingereza. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya Kenya ya mwaka 2016 inapokataza kumtisha mpiga kura kwa madhara ya kiroho, sambamba na yale ya mwili na mali, inazungumzia jambo lilelile lililobishaniwa Longford na Galway.

Keogh alikuwa na mstari huo mezani. Angeuchukua, akaupima kila ushahidi juu yake, padri huyu kavuka, yule hakuvuka, akatengua uchaguzi kwa kurasa chache, ingekuwa vigumu sana kumjibu. Badala yake aliuzika chini ya matusi. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lake la kwanza la kisheria, wala si la adabu tu, maana jaji anayetukana anampa aliyeshindwa sababu ya kuamini kwamba alishindwa kabla ya kesi kuanza.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo halitajwi sana. Mpangaji wa Galway alitishwa kutoka pande mbili. Sheria ya Ardhi ya 1870, ya waziri mkuu William Gladstone, ilimpa mpangaji fidia fulani akifukuzwa, lakini haikumpa uhakika wa kubaki. Mwenye ardhi akimwambia mpangaji asiye na mkataba wa muda mrefu kwamba angependa apigie upande fulani, hahitaji kuongeza neno. Sheria ya 1854 haikuwataja mapadri peke yao. Ilikataza vitisho vya mtu yeyote. Jaji aliyeona kwa macho makali kila neno lililotoka altareni, na alipofika kwa wenye ardhi akaona heshima na ukarimu wa kale, alikuwa amechagua cha kuona. Nyani haoni kundule. Na hapa kuna swali ambalo hukumu yake ndefu haikuligusa: kama mapadri waliwatisha watu wampigie Nolan, je, zile kura 658 za Trench zilitoka kwa watu huru?

Kisha kuna kile kisichoweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za kesi lakini kila aliyekuwemo ukumbini alikijua. Aliyekuwa akiwaambia mapadri wasitumie jina la Mungu kwa siasa alikuwa ameapa kwa jina la Mungu mbele ya umati, kisha akapokea cheo. Aliyelaani vitisho alikuwa ametuhumiwa, kwa ushahidi wa kiapo, kuwakumbusha watu juu ya usiku mrefu wa baridi. Aliyechukizwa na maaskofu kuingilia uchaguzi alikuwa amerudi bungeni kwa msaada wa askofu. Sidai kwamba mtu mwenye historia hana haki ya kuwa jaji. Tungebaki bila majaji. Nadai kwamba jaji mwenye historia hiyo, akipewa kesi hiyo, alipaswa ama kuikwepa ama kuisema kwa maneno machache na makavu kuliko alivyowahi kusema maishani. Majaji wengine wa kuisikiliza walikuwepo. Lawama haiishii kwake, basi. Inawagusa pia waliopanga kazi za majaji mwaka ule wakaona sawa kumpeleka Keogh Galway, kwao alikozaliwa, kwenye kesi ya mapadri.

Baada ya hukumu

Swali la nani achukue kiti lilipelekwa mbele ya Mahakama yote ya Common Pleas, Dublin. Kanuni ya wakati ule ilikuwa kwamba kama wapiga kura walijulishwa mapema kuwa mgombea wao amepoteza sifa na wakampigia hata hivyo, kura zao huhesabiwa kuwa zimetupwa. Watu wa Trench walikuwa wamebandika matangazo ya kuwajulisha. Mahakama ikampa Trench kiti. Mtu aliyepata kura 658 akaenda London kuiwakilisha kaunti iliyompa mwenzake 2,823. Hata ukiikubali kila hoja ya sheria njiani, hapo mwishoni lazima usimame ujiulize kama mmepita njia sahihi.

Nchi nzima ililipuka. Sanamu za Keogh zilichomwa moto mji hadi mji, polisi wakawekwa kumlinda. Bungeni, Isaac Butt, wakili wa zamani wa Wafenia ambaye sasa alikuwa kiongozi wa vuguvugu la Home Rule, alileta hoja dhidi ya mwenendo wa jaji huyo. Ilishindwa kwa kura nyingi. Wabunge wa Uingereza hawakuwa tayari kumgusa jaji kwa sababu ya lugha yake, na kwa upande mmoja nawaelewa: jaji anayeweza kung'olewa na bunge kwa sababu hukumu yake imechukiwa si jaji tena. Ila hakuna aliyewapa watu wa Galway njia nyingine ya kusema kwamba wametukanwa na mahakama yao.

Serikali ya Gladstone ilijikuta imebanwa. Jaji amewataja maaskofu na mapadri kuwa wahalifu. Ama iwashtaki ama ikiri kwamba hukumu haina maana. Ikawashtaki. Mzigo ukamwangukia Mwanasheria Mkuu mpya, Christopher Palles, Mkatoliki, mwanasheria ambaye wengi humhesabu kuwa jaji bora kuliko wote waliowahi kutoka Ireland katika karne ile. Novemba 1872 Palles aligombea ubunge mjini Londonderry, katika mmoja wa chaguzi za mwanzo za Ireland kufanywa kwa kura ya siri. Hasira za Galway zilimfuata huko. Akashindwa na Mhafidhina. Mapema 1873 Askofu Duggan alifikishwa mbele ya juri Dublin, akaachiwa huru, na mashtaka dhidi ya wengine yakafifia. Jopo la wananchi lilikataa kusema kile ambacho jaji mmoja alikisema peke yake Galway.

Kura ya siri yenyewe ilikuwa imekuwa sheria Julai 1872, wiki chache baada ya hukumu. Haikuletwa na Galway, ilikuwa imeshapiganiwa kwa miaka mingi, lakini Galway ilikuwa miongoni mwa chaguzi za mwisho za Ireland kufanywa kwa sauti. Mkulima wa mwanzo wa habari hii, kama angepewa karatasi na penseli mwezi ule wa Februari, huenda kesi yote isingekuwepo. Katika uchaguzi mkuu wa 1874 Nolan alirudi kugombea, akachaguliwa.

Keogh alibaki kwenye kiti chake miaka sita zaidi, mtu anayelindwa katika nchi yake mwenyewe. Afya yake ikadhoofika, akili pia. Mwaka 1878 alikwenda Ulaya bara kutafuta nafuu; huko alimshambulia mtumishi wake kwa wembe. Alifia Bingen, kando ya mto Rhine, Septemba 30, 1878, na akazikwa hukohuko Ujerumani. Simlilii kama shujaa aliyeonewa, wala sifurahii mwisho wake kama walivyofurahia wengi wakati ule. Alikuwa na kipawa ambacho Wakatoliki wa kizazi chake walikihitaji sana mahakamani, na alikitumia kuwaumiza.

Mwaka uliofuata kifo chake sheria ilibadilishwa: kesi ya uchaguzi haikusikilizwa tena na jaji mmoja bali wawili. Utaratibu huo ndio uliotumika 1892 Meath, baada ya kuanguka kwa Charles Stewart Parnell, aliyekuwa kiongozi wa wabunge wa Home Rule, kuwagawanya wazalendo wa Ireland. Mapadri, wakiongozwa na waraka wa Askofu Nulty, walikuwa wamewapigia debe waziwazi wapinzani wa kundi la Parnell. Safari hii waliolalamika mahakamani kwamba madhabahu imetumika kutisha wapiga kura hawakuwa mabwana wa ardhi. Walikuwa wazalendo, wafuasi wa Parnell. Majaji walipima ushahidi kwa mstari uleule wa Longford, wakatengua uchaguzi wa majimbo yote mawili ya kaunti hiyo, Meath Kusini na Meath Kaskazini. Aliyepoteza kiti cha Kaskazini alikuwa Michael Davitt, mtoto wa mpangaji aliyefukuzwa shambani Mayo, aliyeanzisha Land League na kuwapigania wapangaji maisha yake yote. Chaguzi zikarudiwa mwaka 1893, na gharama za kesi zikamfilisi Davitt.